Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga?

Leo tunaweka kando malaria na homa ya matumbo. Tutazungumza juu ya majeraha tunayoyapata kazini, katika shughuli zilezile zinazotuletea unga wa jioni na karo ya watoto.

Mtu akikatwa kidole na mashine, au akianguka kutoka juu ya lori la miwa, utasikia watu wakisema, "Ajali haina kinga." Mwenye mashine husema hivyo. Jamaa za majeruhi husema hivyo. Hata sisi wahudumu wa afya huutamka msemo huo huku tukifunga bendeji. Unatuliza moyo, sikatai. Lakini ubaya wake ni kwamba ukishausema, hutauliza tena ni nini hasa kilichotokea. Na usipouliza, mashine ileile itamngoja mtu mwingine msimu ujao.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kazi zao. Wengi wao huuawa na magonjwa yanayotokana na kazi, na watu wapatao 330,000 hufa kwa ajali zenyewe. Hao si wafanyakazi wa migodi na viwanda vikubwa peke yake. Wamo wakulima, vibarua, mafundi na wachimba visima kama wale tunaowafahamu hapa Kimilili. Basi hebu tuzitazame ajali za kwetu, na kwa kila moja tujiulize swali hili: kabla damu haijamwagika, ni kitu gani kilichokuwa kinaonekana kwa macho?

Tuanze na mashine ya kupukuchua mahindi, kwa sababu mavuno yakifika huwa haina kulala. Inavutwa na trekta kutoka boma hadi boma, leo Maeni, kesho Kibingei, keshokutwa Kamukuywa. Watu wanaoizunguka ni wengi: dereva, vijana wa kumimina mahindi, akina mama wa kukusanya na kupepeta, na watoto wa kuokota punje zilizoruka. Kila mtu ana haraka. Wingu limetanda upande wa Mlima Elgon, mahindi yako kwenye turubai, na mwenye mashine analipwa kwa gunia.

Sasa tazama kati ya trekta na mashine. Kuna chuma kirefu kinachozunguka, yaani shafti inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine. Kwa trekta nyingi shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika. Ukigawanya, ni mara 9 katika kila sekunde. Kama chuma chenyewe kina unene wa chupa ya soda, kinaweza kuvuta zaidi ya mita moja na nusu ya kitambaa kwa sekunde moja. Huo ndio urefu wa leso. Maana yake ni kwamba ncha ya leso ikinaswa, leso yote itakuwa imemezwa kabla mama aliyeifunga kiunoni hajamaliza kupiga kelele, na kabla dereva hajageuza kichwa kujua nani anaita. Leso ikiisha, kinachofuata ni mwili.

Nimesikia watu wakisema, "Huyo mama hakuwa mwangalifu." Mimi sikubaliani nao. Shafti hiyo hutengenezewa kifuniko cha plastiki ambacho hakizunguki, na chuma huzunguka ndani yake. Baada ya misimu michache kifuniko huvunjika, kikatupwa, na hakuna anayenunua kingine kwa sababu mashine inaendelea kufanya kazi hata bila hicho kifuniko. Hapo ndipo ajali ilipoanzia, pengine miaka mitatu kabla ya mama yule kufika pale na leso yake.

Mkanda wa mashine ya kusaga unga ni vivyo hivyo. Ingia katika vyumba vingi vya kusagia, utakuta mkanda kati ya injini na mashine uko wazi kabisa, na wateja wanapita hatua mbili kutoka pale wakiwa na madebe kichwani na watoto mgongoni. Mahali ambapo mkanda unakutana na gurudumu lake ndipo panapokamata vidole, mikono ya sweta na nywele. Kuufunika si kazi ya wataalamu kutoka Nairobi. Fundi anayechomelea mageti hapa mjini anaweza kutengeneza kizimba cha vyuma vyembamba na wavu, kikafungwa kwa bolti, ili wakati wa kubadilisha mkanda kifunguliwe na kurudishwa. Gharama yake hailingani hata kidogo na gharama ya siku chache za hospitali.

Ninasisitiza kifuniko kwa sababu moja. Tukitaka kuzuia ajali, kuna hatua zenye nguvu na hatua dhaifu. Yenye nguvu kuliko zote ni kuiondoa hatari yenyewe, na kama haiondoleki, kuiziba ili mtu asiweze kuifikia. Kuwafundisha watu na kuwaonya kunasaidia, lakini si sana. Nguo na vifaa vya kujikinga vinakuja mwisho, kwa yale ambayo hatukuweza kuyazuia. Wengi wetu tunaanzia mwisho: tunampa kibarua onyo, "Ujichunge," basi. Kibarua huyo aliamka saa kumi na moja asubuhi, amekula chai na mkate, na ifikapo saa tisa alasiri amechoka. Akili ya mtu aliyechoka husahau. Kifuniko cha chuma saa tisa kiko vilevile kilivyokuwa asubuhi.

Hata hivyo mavazi yana nafasi yake. Karibu na mashine inayozunguka usivae leso, skafu, koti lisilofungwa vifungo wala sweta lililoachia nyuzi. Nywele ndefu zifungwe ndani ya kofia au kitambaa kilichobana. Akina mama wafanye kazi ya kupepeta na kukusanya upande ule mwingine, mbali na shafti, na ikiwezekana mwenye boma apige vigingi na kamba kuonyesha mpaka. Na glavu, ambazo ni nzuri kwa kubeba miwa au magogo, ni hatari karibu na mkanda au msumeno unaozunguka, kwa sababu hunaswa na kuuvuta mkono mzima.

Watoto je? Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mtoto wa kati ya miaka 13 na 16 kuajiriwa kiwandani kuhudumia mashine, na inakataza kabisa kumwajiri mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari. Najua utaniambia hawa ni watoto wa nyumbani, hawakuajiriwa na mtu. Ni kweli, lakini shafti haiulizi kama mtoto ameajiriwa. Waambie punje zitaokotwa mashine ikishazimwa.

Kuna wakati mmoja ambao ni wa hatari kuliko mwingine wote, nao ni wakati mashine imekwama. Magunzi yamesongamana, au majani ya ng'ombe yamejaa katika mashine ya kukatia, au katika vile viwanda vidogo vya sukari guru muwa umekataa kupita kati ya vinu. Injini bado inanguruma. Kijana anaona aibu kumsumbua bosi azime, kwani kuwasha tena ni taabu na mafuta ni ghali. Anasukuma kwa mkono. Kilichokwama kinaachia ghafla, na mkono unaingia nacho.

Dawa yake ni utaratibu ambao haubadiliki, hata bosi akasirike namna gani. Zima injini. Ngoja mpaka kila kitu kisimame, kwa kuwa gurudumu zito huendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kuzimwa. Kisha toa ufunguo, au kama ni ya umeme, zima swichi kuu na uchomoe plagi. Ufunguo huo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, si kwa dereva wala kwa mwenye mashine. Watu wengi wamekatwa na mashine iliyokuwa imezimwa, kwa sababu mwenzao alirudi kutoka kunywa maji, akaona kimya, akawasha.

Mwezi wa Januari 2018, mvulana wa miaka 17 katika Kaunti ya Kiambu alikatwa kiganja chote na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mashine ya aina ileile tunayoitumia hapa kukata nepia. Madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walikiunganisha tena, kwa upasuaji uliochukua saa nyingi. Habari hiyo ilishangaza nchi nzima. Lakini hata daktari hodari kuliko wote asingeweza kufanya lolote kama kiganja kile kingetupwa, kuzikwa au kuharibika njiani. Kwa hivyo sikiliza kwa makini, na kama unasoma, kunja kona ya ukurasa huu.

Mtu akikatwa, mshughulikie mtu kwanza, kidole baadaye. Bonyeza jeraha kwa nguvu ukitumia kitambaa safi, na usiachilie kila mara kuchungulia kama damu imekoma. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, uendelee kubonyeza. Mlaze, na uinue mkono au mguu ulioumia. Ikiwa damu inaruka na kubonyeza hakusaidii kabisa, funga kitambaa kipana kwa nguvu juu ya jeraha upande wa mwili, uandike saa uliyofunga, na umkimbize hospitalini. Usifungue njiani. Usimwagie mafuta ya taa, majivu, udongo, majani ya chai wala dawa ya meno. Hivyo vyote humpa daktari kazi ya kuosha uchafu kabla ya kutibu.

Sasa kile kilichokatika. Kisuuze kwa maji safi kama kina mchanga, bila kukisugua. Kifunge ndani ya kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, ukitie katika mfuko wa plastiki, uufunge usiingie maji. Mfuko huo uweke ndani ya mfuko mwingine au chombo chenye barafu na maji. Usikiweke kidole moja kwa moja juu ya barafu, kwa sababu barafu huiunguza nyama ikafa. Kama barafu haipo, maji baridi ni afadhali kuliko mfuko wa suruali. Kikibaki baridi, kidole huweza kungoja saa nyingi. Kiganja au mkono mzima una nyama nyingi na huharibika upesi zaidi. Enda hospitali ya Kimilili au iliyo karibu nawe, wamtulize mgonjwa, wapige simu kwenye hospitali kubwa ya rufaa kabla ya kumsafirisha. Si kila kidole huunganishwa, na daktari akikuambia hakiwezekani, mwamini. Ila uamuzi huo uwe wake, usiwe wako pale uwanjani.

Na kwa jeraha lolote la kazini, hata la msumari tu, uliza juu ya sindano ya pepopunda. Udongo wa shambani na samadi huwa na vijidudu vyake, na pepopunda ikishaanza, kuitibu ni kazi ngumu sana.

Tuondoke sasa kwenye mashine, twende kisimani. Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ajali ya kisima haimchukui mtu mmoja.

Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, maji hushuka, na wengi huita mchimbaji aongeze futi chache. Anashuka kwa kamba. Baada ya dakika kadhaa hajibu akiitwa. Ndugu yake anatazama chini, anamwona amelala, anafikiri ameteleza, anashuka kumwinua. Naye anaanguka. Jirani anafuata. Katika habari za nchi yetu tumesikia mara nyingi watu wawili au watatu wa boma moja wakifa hivyo kwa saa moja. Watu huanza kunong'ona juu ya laana, na kisima hufukiwa.

Kilichowaua ni hewa. Ndani ya shimo refu hewa haitembei. Uozo na udongo hula ile hewa ya oksijeni tunayoihitaji, na hewa nzito ya kabonidioksaidi hutulia chini kama maji katika beseni. Anayeingia humo huishiwa nguvu upesi, miguu inakataa kabla hajajua kwamba yuko hatarini. Mbaya zaidi ni kushusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kuondoa maji. Moshi wake una gesi iitwayo kabonimonoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huchukua mahali pa oksijeni katika damu. Injini ikishazimwa gesi hubaki mle chini.

Wazee walitufundisha kushusha taa au mshumaa, ukizimika, usiingie. Ni ushauri mzuri, uufuate. Lakini ujue mpaka wake. Mshumaa huonyesha ukosefu wa oksijeni tu. Kabonimonoksaidi yaweza kumuua mtu huku mshumaa ukiendelea kuwaka vizuri. Kwa hivyo injini ya petroli au dizeli ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo unaondoa moshi, na bomba la maji pekee ndilo literemke. Kama injini ilishawahi kuwashwa ndani, asishuke mtu mpaka hewa safi ipulizwe humo kwa feni na bomba kwa muda mrefu.

Mchimbaji asishuke bila kamba iliyofungwa kifuani na mabegani mwake, na juu wawepo watu wawili wasiokuwa na kazi nyingine ila kumwangalia, kuongea naye na kumvuta. Akinyamaza, wamvute. Kama hakufungwa kamba, hapo ndipo panapohitaji moyo mgumu, ndugu yangu: usishuke. Piga kelele, piga simu 999 au 112, itisha watu na kamba, jaribu kupuliza hewa chini. Ukishuka bila vifaa, humwokoi, unaongeza jeneza. Mambo haya yanahusu pia mashimo ya vyoo na maghala ya nafaka yaliyofungwa baada ya kutiwa dawa ya kufukiza.

Dawa za shambani nazo zina ajali zake za kimya. Hapa kwetu tunanyunyizia kahawa, nyanya, sukuma wiki, na sasa magugu ya mahindi pia. Wengi hudhani sumu huingia kwa mdomo tu. Nyingi huingia kupitia ngozi, na pampu ya mgongoni inayovuja huilowesha shati kwenye uti wa mgongo kwa saa nzima bila mwenyewe kujali. Tengeneza pampu kwanza. Usizibue mdomo wa pampu kwa kupuliza na mdomo wako. Tumia unyasi mwembamba au maji. Nyunyiza upepo ukiwa nyuma yako, asubuhi mapema au jioni. Na itazame lebo ya chupa: chini yake huwa na mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, inafuata njano, kisha buluu, kisha kijani. Hata ya kijani si juisi. Chupa zikiisha zitobolewe zisitumike tena. Kuna nyumba nimekuta maziwa yametiwa ndani ya chupa ya dawa ya kupe.

Mtu akianza kutoka jasho jingi na mate, tumbo linasokota, misuli inacheza na mboni za macho zimekuwa ndogo baada ya kunyunyiza dawa, hiyo si malaria. Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke hospitali na chupa yenyewe au lebo yake, ili daktari ajue anapigana na nini. Usimtapishe. Na maziwa, ambayo sisi sote tumekuzwa tukiamini kuwa yanaondoa sumu, hayaiondoi. Mtu aliyezirai akinyweshwa maziwa huweza kuyavuta katika mapafu.

Kwa mafundi wetu wa jua kali nina neno moja tu, macho. Miwani ya jua ya kuuziwa sokoni haizuii mwanga wa kuchomelea. Mwanga huo huunguza jicho bila maumivu mchana, na usiku wa manane fundi huamka akihisi mchanga machoni. Tumia kioo cha kuchomelea, na wapita njia nao wazibiwe kwa bati. Kipande cha chuma kikiruka jichoni, usimruhusu mwenzako akitoe kwa njiti ya kiberiti wala kwa wembe. Funika jicho kwa kikombe kisafi cha karatasi, uende hospitali siku hiyohiyo.

Wabebaji mizigo nao wasisahaulike. Gunia la mahindi la kilo 90 limezoeleka sana kwetu hata hatulishangai. Lakini ILO, katika pendekezo lake namba 128 la 1967, ilisema mzigo wa kubebwa na mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo sana kuliko huo. Gunia la 90 libebwe na watu wawili, au mkokoteni. Uti wa mgongo ukishaumia hauna spea.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haihusu viwanda vikubwa kama cha sukari pale Nzoia peke yake. Kwa sheria hiyo, mahali pa kazi ni popote mtu anapofanyia kazi, ikiwemo shamba na kibanda cha kusaga. Mwajiri anatakiwa kuzifunika mashine na kutoa vifaa vya kujikinga. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, iundwe kamati ya usalama. Mfanyakazi naye anatakiwa kuvitumia vifaa na kuripoti hatari anayoiona, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kulalamika, wala kumrudisha mahali penye hatari kubwa ambayo bado haijaondolewa.

Ajali ikishatokea, inaingia sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya 2007. Mwajiri anatakiwa awe na bima, alipe gharama za matibabu zinazofaa, na aripoti ajali kwa ofisi ya serikali ya Usalama na Afya Kazini: kifo ndani ya saa 24, majeraha mengine ndani ya siku 7. Asikuambie utumie kadi yako ya SHA, yaishe.

Na hapa ndipo maneno huwa mengi. Mwenye mashine atasema kibarua aliitwa na mwenye mahindi. Mwenye mahindi atasema alikuja na mashine. Majeruhi yuko wodini hana hata karatasi. Kwa hivyo kabla kazi haijaanza, jueni na mkubaliane mbele ya mashahidi ni nani aliyemwajiri nani na kwa malipo gani, hata kama ni kibarua cha siku moja. Yaandikwe kwenye daftari la shule, yatoshe. Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyohiyo mbele ya watu, na unapotibiwa umwambie daktari wazi kwamba umeumia kazini, aandike hivyo katika faili. Wengi huona haya, au hukatazwa na bosi, wakasema walianguka nyumbani. Baadaye faili hilo huwa ushahidi dhidi yao. Tunza risiti zote. Dai lako lifike katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Fomu inaitwa DOSH/WIBA 1, ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Kama hujui pa kuipata, uliza katika ofisi ya leba, Bungoma au Kitale, wakuelekeze. Mwajiri akikataa kujaza sehemu yake, nenda hivyohivyo na daftari, faili na mashahidi wako.

Muda wetu umekwisha. Katika mazungumzo yajayo tutaendelea na shamba, tuzungumze juu ya kuumwa na nyoka, na kwa nini kamba iliyofungwa mguuni huleta madhara kuliko faida.